Taa ya UV kwenye majitaka: kuwaka si kufanya kazi

Mkuu mleta mada, umesema lodge yenu ina vyumba ishirini na mtambo mdogo wa majitaka, na muuzaji anawashauri mfunge taa ya UV (mionzi ya urujuanimno, ya kudhibiti vijidudu) muachane na klorini, maji yaende bustanini. Unauliza kama ni kweli au anatafuta hela. Nimehudumia mtambo wa aina hiyo miaka sita kwenye hoteli moja kaskazini Unguja, nakujibu kwa niliyoyashika kwa mikono.

Teknolojia yenyewe haina shida. Shida ni kwamba taa haisafishi maji. Inashughulika na vijidudu waliobaki kwenye maji ambayo tayari yameshasafishwa. Taa za kawaida za zebaki hutoa mionzi ya urujuanimno yenye urefu wa wimbi wa nanomita 254 hivi, nayo inaharibu DNA ya kijidudu mpaka ashindwe kuzaana. Hafi palepale, ila asipozaana hawezi kukuumiza tumbo. Sharti ni moja tu: mwanga umfikie. Kachembe ka tope kanatosha kumficha.

Mwaka wangu wa pili majibu ya maabara yalirudi mabaya, bakteria wa kinyesi wamejaa. Meneja akaja juu. Nikampeleka mtamboni, nikamwonyesha taa zote zinawaka buluu, balasti (kifaa kinachoilisha taa umeme) nzima, na mimi mwenyewe nikaamini maabara wamekosea. Kumbe ule ubuluu siyo UV. UV haionekani kwa macho, unachokiona ni mwanga mwingine tu unaotoka pamoja nayo.

Nikazima umeme, nikafunga maji, nikachomoa mrija wa kioo cha kwatzi unaoikinga taa isilowe. Ulikuwa umevaa utando wa rangi ya chai ya maziwa. Ukikwaruza kwa ukucha unatoka unga. Maji ya visima vya kule yanapita kwenye mawe ya matumbawe, yana chokaa tele, na joto la taa linaigandisha hapo hapo kwenye kioo. Nikaenda jikoni kuomba asidi ya limau, ile chengachenga, nikaikoroga kwenye ndoo, nikaloweka na kusugua kwa kitambaa laini. Kioo kikarudi kuwa kioo. Vipimo vilivyofuata vikashuka vizuri.

Halafu baada ya wiki tatu vikapanda tena! Safari hii mrija ni safi, ila tangi la kutuamisha lilikuwa limejaa, tope linapita juu kwa juu kuelekea kwenye taa. Tuliita gari la kunyonya, tukaongeza kichujio cha mchanga kabla ya taa, na hapo ndipo mambo yalipotulia. Kwa hiyo kama bajeti yenu inatosha kitu kimoja tu, nunueni kichujio. Taa itasubiri.

Kuhusu gharama ambazo muuzaji hatakutajia: taa hizi nyingi zinapewa masaa kama 9,000 hadi 12,000, na mwaka mzima una masaa 8,760. Piga hesabu. Inafifia kabla ya kuungua, na bosi hawezi kukuelewa ukimwomba taa mpya wakati ya zamani "si inawaka?" Kuzimwa na kuwashwa mara kwa mara kunaifupishia maisha, na umeme wetu mnaujua. Wekeni vali inayofunga maji yenyewe umeme ukikatika, la sivyo majitaka yatapita gizani hadi kwenye nyanya.

Klorini msiitupe yote. UV haiachi kinga yoyote ndani ya maji. Yakilala kwenye tangi la bustani siku mbili, bakteria wanarudi. Tena baadhi yao wakipata mwanga wa jua baada ya taa wanaweza kurekebisha ile DNA iliyoharibika, kwa hiyo tangi lifunikwe. Sisi tulikuwa tunatia klorini kidogo tangini. Ila klorini peke yake kwenye majitaka inaliwa na amonia, unaimwaga nyingi, na ikifika baharini inaua viumbe. Mayai ya minyoo ni ugomvi mwingine: UV ya kawaida haiyawezi, yanatakiwa yazame au yanaswe kwenye mchanga.

Kama mna eneo la kutosha, fikirieni mabwawa. Majitaka mengi ya Nairobi yanasafishwa kwa mabwawa kule Dandora, jua likifanya kazi bure. Mionzi ya 254 ya jua inazuiwa angani, haitufikii, ndiyo maana bwawa linataka siku nyingi wakati taa inataka sekunde chache tu. Sisi ufukweni hatukuwa na ardhi hiyo.

Na fundi wenu asichungulie taa ikiwa wazi. Mwenzangu alifanya hivyo mchana, usiku hakulala, macho kama yametiwa mchanga, sawasawa na mchomeleaji asiyevaa miwani.

Kabla hamjalipa chochote, pelekeni maji yanayotoka mtamboni maabara wapime ni asilimia ngapi ya mwanga wa 254 inapenya. Msiyatazame tu kwenye glasi, maji yanaweza kuonekana maangavu na bado yakaumeza mwanga wote. Ikiwa chini ya 50, mwambieni muuzaji arudi mwakani. Majibu mkiyapata yaweke hapa tuyaangalie pamoja.