Barua kwa mwanangu Zainabu: habari za Njombe na habari za pama

Mtama, Lindi

Mwanangu Zainabu,

Assalaam alaykum. Uliponipigia simu Jumapili, mtandao ulikatika kabla sijakujibu, na nakiri kwamba sikusikitika sana, kwa kuwa swali lako si la kujibiwa na mtu aliyesimama juu ya kichuguu akitafuta mawimbi ya simu. Uliniuliza kama mkubali uhamisho wa mumeo kwenda Njombe, kwa sababu huko kuna baridi, jua si kali, na ngozi ya mwanenu Mudi itapumzika kuliko inavyoteseka hapo Mtwara. Nimelifikiria swali hilo siku nne. Nitalijibu, ila niruhusu nianze na kofia.

Najua unatabasamu. Tangu mjukuu wangu azaliwe sina mazungumzo mengine, na mama yako husema kwamba hata nikiulizwa bei ya mbaazi nitajibu kwa habari ya kofia. Hata hivyo msimamo wangu uko palepale: mtoto mwenye ualbino hukingwa kwanza kwa kivuli, pili kwa nguo, tatu kwa pama, yaani kofia ya ukingo mpana, na mafuta ya kukinga jua ndiyo ya mwisho. Siyaweki mwisho kwa kuyadharau. Nayaweka mwisho kwa sababu chupa huisha mwezi ukiwa katikati, na mtoto akicheza mpira hutoka jasho, akasahau kujipaka tena baada ya saa mbili kama inavyotakiwa. Pama ikishakaa kichwani haina cha kusahauliwa.

Habari za Mfaume, mtoto wa shangazi yako Somoe, naye mwenye ualbino kama Mudi, unazijua juu juu tu, kwa kuwa ulikuwa mdogo, na kwa kuwa nyumbani kwetu tulizoea kusema kwamba aliugua sikio. Habari ya paredi sikuwahi kukueleza.

Ilikuwa Oktoba ya mwaka 1987. Nilikuwa nafundisha darasa la nne katika shule ambayo sitaitaja, na Mfaume, akiwa na umri wa miaka kumi na mmoja, alikuwa mwanafunzi wangu. Unajua kwetu Wamwera mjomba ni nani: mtoto wa dada yako ni wako, na akiharibikiwa, wazee hukuuliza wewe kabla ya kumuuliza baba yake. Shangazi yako alikuwa amesuka ukili wa ukindu akaushona pama pana, yenye ukingo ulioyafunika masikio na kukaribia mabega, na alikuwa amemwambia mwanawe asiivue juani hata akiamriwa na nani. Wiki ile tulitarajia wakaguzi, na mwalimu mkuu alitaka watoto wafanye mazoezi ya kupita kwa mwendo wa paredi katika uwanja usio na mti hata mmoja. Zamu ilikuwa yangu. Nilipomwona Mfaume katikati ya mistari, amechomoza kama uyoga kati ya wenzake walionyolewa, niliona ameniharibia mstari, nikamwamuru avue. Akaniambia, “Mjomba, mama amekataza.” Nikamjibu mbele ya shule nzima kwamba pale hapakuwa na mjomba, palikuwa na mwalimu, na kwamba sare ni sare.

Alivua. Niliichukua pama yake nikaiweka ofisini, juu ya daftari la mahudhurio. Tulianza saa nne, tukamaliza saa saba kasoro. Mtu yeyote aliyefundisha jiografia Lindi anajua kwamba jua hupita juu ya utosi wetu mara mbili kwa mwaka, kuelekea mwisho wa Februari na kuelekea mwisho wa Oktoba, na kwamba siku hizo ukisimama uwanjani adhuhuri unakikanyaga kivuli chako mwenyewe. Somo hilo nilikuwa nimelifundisha wiki mbili kabla, kwa kijiti na kamba, uwanjani palepale, na aliyekishika kijiti alikuwa Mfaume, amevaa pama yake.

Usiku ule masikio yake yalivimba, shingo ikatoka malengelenge, akawa hawezi kulalia upande wowote. Asubuhi shangazi yako alikuja, akasimama mlangoni bila kuketi, akasema amefuata pama. Nikaenda kuileta. Akaikung’uta vumbi, akaondoka. Laiti angenitukana, ningekuwa na la kumjibu.

Gamba lilitokea kwenye ncha ya sikio lake la kushoto akiwa na miaka 24, kavu, likikwaruza kama msasa. Siku hizi najua kwamba gamba la namna ile likiwahiwa, daktari wa ngozi huligandisha kwa nitrojeni ya kimiminika, na mgonjwa akarudi nyumbani siku hiyohiyo. Mfaume alipakwa dawa ya zambarau kwenye zahanati kwa miezi minane, na kidonda kikawa kinafunga na kufumuka, kinafunga na kufumuka. Tulipompeleka Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Saratani Ocean Road, ilikuwa mapema mwaka 2002, kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa, na tulilala usiku mbili tukisubiri pantoni ya Rufiji, yeye akiwa amejifunika khanga ya mama yake kwa sababu ya jua na kwa sababu ya harufu, maana aliona jinsi abiria walivyokuwa wakihama viti. Saratani ilikwisha kuingia kwenye tezi za shingo. Alifariki mwezi Septemba, akiwa na miaka 26.

Nimejitetea mara nyingi, Zainabu. Daktari mmoja kule alinieleza kwa upole kwamba saratani ile hujengwa na jua la miaka mingi na haiwezi kubebeshwa siku moja. Kwamba ngozi iliyokosa melanini, ile rangi ambayo sisi wengine tumejaliwa kuwa mwavuli wa kuzaliwa nao, huharibiwa kidogo kidogo kila mara mtu anapotoka kuchota maji au kwenda dukani. Tena Mfaume alifanya kazi miaka minne kwenye mashamba ya chumvi, ambako jua humpiga mtu kutoka juu kisha likamrudia kutoka chini kwa weupe wa chumvi yenyewe. Maneno hayo ni ya kweli, na nimeyashika. Lakini alikwendaje kwenye chumvi? Alikwenda kwa sababu aliacha shule. Na kwa nini aliacha shule? Hapo ndipo utetezi wangu unapokwama, maana baada ya paredi ile hakurudi darasani hadi Januari, na aliporudi hakukaa.

Mwaka 2010, watu wa Lindi Mjini walipomchagua Salum Khalfani Bar’wani, mtu wa kwanza mwenye ualbino kuchaguliwa na wananchi wa jimbo kuwa mbunge katika nchi hii, shangazi yako alisikiliza redio mpaka betri zikaisha. Alicheka, akapiga vigelegele peke yake uani. Kisha akanigeukia akaniuliza, “Huyu naye shuleni kwao walikuwa na paredi?” Nilijifanya natafuta betri nyingine.

Sasa Njombe. Baridi si kivuli. Kinachoiharibu ngozi ya Mudi si joto analolihisi. Ni miale ya urujuanimno, ambayo haionekani wala haina joto la kumwonya mtu, na hupenya hata mawingu mepesi. Njombe haiko mbali na latitudo yetu, kwa hiyo jua la utosi la Februari na Oktoba linawafikia nao. Zaidi ya hapo, mji ule uko juu, karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na kwa kila mita 1,000 unazopanda miale hiyo huongezeka kwa takriban asilimia 10, kwa kuwa hewa ya kuichuja imepungua. Kwa hesabu hiyo, mbingu ikiwa wazi, Mudi atapigwa na miale mingi zaidi Njombe kuliko Mtwara, na atapigwa bila kujijua, kwa sababu upepo wa baridi utamliwaza huku ngozi inaungua.

Hapo ningeweza kuweka nukta na kuwaambia msiende. Nilikwisha kuandika hivyo kwenye karatasi ya kwanza, nikaichana. Niliichana kwa sababu nilijiuliza aliyekuwa akiandika ni nani, mwalimu wa jiografia au babu asiyetaka mjukuu wake aende mbali. Maana upo upande mwingine ambao sikuutia katika hesabu: Njombe watoto huvaa sweta la mikono mirefu sehemu kubwa ya mwaka na hakuna anayewashangaa, ilhali Mtwara mtoto ukimvika mikono mirefu mwezi wa Novemba, ataikunja hadi mabegani kabla hajafika shuleni. Nguo nzito iliyofumwa kwa kubana ni kinga kubwa kuliko mita zangu zote. Huko pia hakuna mchanga wa ufukweni unaorudisha miale usoni. Kwa hiyo huenda mumeo yuko sahihi kwa sababu asiyoijua. Lakini sweta, mwanangu, halifuniki masikio.

Popote mtakapokuwa, shati la sare likichakaa liinue kwenye mwanga. Ukiviona vidole vyako upande wa pili, jua nalo linapita. Kapelo isiwadanganye, kwa kuwa hufunika paji la uso na kuyaacha masikio na shingo. Mafuta yale yanayotengenezwa Moshi, kwenye kituo cha magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, mahususi kwa watu wenye ualbino, endelea kuyafuatilia, na yakikosekana usijinyime chakula ili ununue ya namba ya kinga (SPF) 50 dukani. Ya namba 30 yakipakwa kwa wingi huzuia takriban asilimia 97 ya miale ya urujuanimno ya aina ya UVB, ambayo ndiyo inayounguza zaidi, na ya 50 huongeza kama asilimia moja tu. Mpake masikio na kisogo, midomo nayo msiisahau. Kidonda chochote kisichopona kwa wiki nne kionwe na daktari wa ngozi, na mtu asikuletee dawa ya zambarau.

Kuhusu maneno ya upande wa mumeo, kwamba ualbino umetoka kwetu, ni kweli umetoka kwetu, na umetoka kwao pia, kwa sababu mtoto huzaliwa hivyo anapourithi kutoka kwa baba na kwa mama. Ungekuwa wa upande mmoja tu, Mudi angezaliwa na rangi kama yako. Waeleze mara moja, kisha usibishane.

Basi unataka niseme nendeni au msiende. Mama yako anataka niandike “nendeni”, kwa sababu ya cheo cha mumeo. Shangazi yako hataki hata kulisikia jina la Njombe. Mimi ninalo jibu, na vidole vinaniwasha kuliandika, lakini kila ninapolikaribia namwona mtoto amesimama uwanjani kichwa wazi, na sidhani kwamba ni haki ninyi mhame, au msihame, kwa ajili ya paredi yangu. Nilipata kuamua juu ya kichwa cha mtoto wa mwingine mara moja, tena kwa sauti kubwa. Niache safari hii ninyamaze, ingawa wewe unanijua ninavyoona ugumu kunyamaza.

Chukua uzi, umpime Mudi kichwa juu kidogo ya masikio, ufunge fundo, umpe kondakta wa basi la asubuhi. Shangazi yako amekwisha kuchambua ukindu ingawa macho yake hayaoni vizuri, na anasema ukingo utakuwa wa shibiri nzima hata mkimcheka. Ndani ya bahasha hii kuna barua nyingine, niliyomwandikia mwalimu mkuu, nikimwomba mtoto aruhusiwe kuvaa pama mstarini na uwanjani, awekwe kivulini tangu saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni kila inapowezekana, akae mbele darasani kwa ajili ya macho yake, na asiamriwe kuivua pama hiyo na mwalimu yeyote wa zamu. Nimeiandika kwa mkono wangu na kutia saini kama mwalimu mstaafu. Jina la shule nimeliacha wazi, mtalijaza wenyewe.

Msalimu mumeo. Mwambie Mudi kwamba maembe ya bolibo yameanza kuiva.

Baba yako