Nilimtafuta mchawi kwenye sahani ya mwanangu

Ilianza mwezi Machi, joto la Tanga likiwa limepamba moto. Mwanangu wa pili, wakati huo ana miaka 3 na nusu, aliamka usingizi wa mchana akijikuna tumbo. Nilipomvua fulana nikakuta mabaka yaliyotuna, mengine madogo kama kaumwa na mbu, mengine yameungana yakawa kama ramani. Kwa ngozi yake nyeusi wekundu hauonekani sana. Unachoona ni uvimbe, na ukipitisha kiganja unahisi joto. Baada ya saa tatu hivi yakapotea yote. Nikashukuru Mungu. Usiku yakarudi, safari hii mgongoni.

Mchana ule alikuwa amekula wali kwa samaki, kibua. Basi kibua kikawa mshitakiwa wa kwanza.

Wiki iliyofuata mabaka yalitoka siku aliyokula yai, nikafuta mayai. Zikafuata karanga, maziwa, nyanya, mwisho hata embe. Kufikia Mei mtoto anakula ugali kwa maharage, wali kwa mchicha, na chai ya rangi, na mabaka bado yanatoka karibu kila siku. Mama mkwe akasema ni damu chafu, akaniletea majani ya mwarobaini nimwogeshee. Jirani akasema kakanyaga pabaya. Muuza duka la dawa akanipa piritoni, dawa ya aleji inayoleta usingizi. Mtoto akawa analala mchana kutwa kama mgonjwa, akiamka mabaka haya hapa. Duka lingine nikapewa tyubu ya krimu "ya aleji". Baadaye nilikuja kujua ina steroidi kali, ya kupaka mtoto kwa siku chache tu, tena kwa maelekezo, na kwa mabaka ya aina hii haina kazi yoyote.

Miezi miwili imekatika hivyo ndipo nikaenda kliniki ya ngozi ya hospitali ya mkoa. (Ushauri wangu wa kwanza ndio huo, uanzie huko.) Tabibu aliyetupokea alisomea Moshi, hospitali ya rufaa ya KCMC, kwenye kile kituo cha mafunzo ya ngozi kilichoanza 1992. Kabla hata hajamvua mtoto shati, aliomba kadi ya kliniki. Akautazama mstari wa uzito, akanitazama mimi.

"Mama, huyu mtoto ana njaa."

Alikuwa ameshuka kutoka kilo 14.8 hadi 14. Nililia pale pale kwenye kiti.

Ugonjwa wenyewe unaitwa urtikaria. Sisi nyumbani tunasema aleji, na neno hilo ndilo lililonipoteza, maana ukishasema aleji swali linalofuata ni "ya nini?", na unaanza kupekua sufuria. Alinieleza hivi: mzio wa chakula, yaani aleji yenyewe, hauna siri sana. Mtoto akila kitu, mabaka yanatoka ndani ya dakika chache, mara nyingi haizidi saa mbili, na akikila tena yanatoka tena. Mabaka yanayotoka karibu kila siku kwa zaidi ya wiki 6 ni habari nyingine. Hayo ndiyo yanaitwa sugu. Seli fulani za ngozi zinamwaga histamini, kemikali ya mwili inayoleta mwasho, bila mpangilio, mishipa midogo inavujisha maji, ngozi inatuna. Mara nyingi chanzo hakipatikani hata ukipima damu ya ndoo nzima, na kwa watoto wengi huisha yenyewe, ila inaweza kuchukua miaka. Kwa hiyo vile vipimo vya aleji vya bei mbaya nilivyokuwa nachangiwa na ndugu, akasema niviache. Alitaka choo tu, kuangalia minyoo na vijidudu vingine.

Akanifundisha na jaribio la kalamu. Baka likitoka, lizungushie biro, andika saa. Nilifanya usiku ule ule: mabaka matatu mgongoni, saa 2:10. Asubuhi ngozi ilikuwa laini kabisa, imebaki miduara mitatu ya wino haina kitu ndani, na mabaka mapya yako mapajani. Urtikaria huhama hivyo. Baka moja halimalizi saa 24 na haliachi alama. Likikaa zaidi ya hapo, likiuma badala ya kuwasha, au likiacha weusi kama jeraha la kugonga, mrudishe hospitali, huenda ni kitu kingine.

Na vitu vingine vipo vingi. Vipele vigumu miguuni na mikononi vinavyokaa siku nyingi na kuacha madoa mara nyingi ni ngozi kuchachamaa kwa kuumwa na mbu, viroboto au kunguni. Hapo dawa ni chandarua na kuanika godoro, siyo kufuta mayai. Kuwashwa usiku, katikati ya vidole, huku na wewe unajikuna, ni upele, na nyumba nzima inatibiwa siku moja. Ngozi kavu, yenye magamba, kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, ni pumu ya ngozi. Hiyo inataka mafuta mazito yasiyo na manukato, mara tu mtoto akitoka kuoga, kila siku.

Turudi kwa mwanangu. Aliandikiwa setirizini ya maji, dawa ya kuzuia histamini, mililita 2.5 asubuhi na jioni kwa uzito na umri wake. Wa kwako aandikiwe za kwake. Hapa ndipo nilipokosea tena: siku tatu za kwanza mabaka yakapungua, nikaacha dawa. Yakarudi kwa hasira. Dawa hii haifanyi kazi kama kizima moto. Inataka iwe mwilini kabla, kila siku, hata siku ambayo ngozi ni safi, mpaka daktari aseme punguza. Vilevile nilikuwa napima kwa kijiko cha chai. Vijiko vya jikoni kwangu vipo vya aina nne na hakuna kinacholingana na mwenzake. Nunua bomba la sindano lisilo na sindano, ni bei ya andazi.

Nikaanza daftari. Kila jioni namba mbili: mabaka 0 hadi 3, kuwashwa 0 hadi 3. Pembeni naandika siku ilivyokuwa. Baada ya wiki tano mambo yalikuwa wazi kuliko nilivyotegemea, na kibua hakikuwemo. Mabaka yalikuwa yanazidi akitoka jasho, akipata mafua, na mahali mkanda wa kaptura unapobana. Siku mbili mbaya kuliko zote zilifuata ibuprofeni niliyompa kwa homa. Kumbe dawa za jamii hiyo zinaweza kuchochea. Siku hizi homa ni parasetamoli tu.

Kwa hiyo nyumbani tulibadilisha vitu vidogo. Kaptura za mpira uliolegea. Nguo za pamba, nailoni tukagawa. Kucha fupi kila Ijumaa. Usiku akilia nalowesha khanga kuukuu, naikamua, namfunika kiunoni, feni ikimpuliza kwa mbali, na ninamkanda kwa kiganja badala ya kumkuna, kwa sababu kukuna kwenyewe kunaamsha mabaka mapya. Vyakula nikarudisha kimoja kimoja, kila baada ya siku tatu. Yai la kwanza karibu alile na ganda lake.

Chekechea walimrudisha nyumbani mara mbili wakidhani tetekuwanga. Sikugombana, niliomba barua ya daktari inayosema haiambukizi, nikampa mwalimu pamoja na maelezo ya dalili za hatari. Na wewe zijue: ulimi au koo kuvimba, sauti kukwama, kupumua kwa shida au kukoroma kifua, kutapika mfululizo pamoja na mabaka, kulegea au kuzimia. Hapo hakuna kungoja baba arudi wala kutafuta maziwa ya kumnywesha. Ni hospitali sasa hivi, hata kwa bodaboda; anahitaji sindano ya adrenalini ya paja. Mdomo au jicho kuvimba peke yake kwetu kulitokea mara kadhaa na kukaisha, lakini kila mara nilikaa naye macho mpaka uvimbe ukashuka.

Mama mkwe naye sikumvunja moyo. Nilimwambia, "Mama, daktari amesema tusimchemshie kitu kwa sasa, ngozi inakataa maji ya moto." Akaelewa upesi. Kazi ya daftari akaichukua yeye siku nikiwa zamu, anaandika kwa herufi kubwa: LEO SAFI.

Ilichukua miezi 14. Sasa ana miaka 6, dawa tuliacha kidogo kidogo kwa usimamizi wa kliniki. Akipata mafua hutokwa mawili matatu begani. Haji tena kulia. Anakuja jikoni shati mkononi, ananigeuzia mgongo. "Mama, lete kalamu."