Lokriani: mbona sikio linakimbilia C?

Ndugu, umeuliza mbona ukipiga Lokriani, yaani skeli ya noti nyeupe za kinanda kutoka B hadi B, unasikia C meja tu iliyoanzia mahali pabaya. Sikio lako halina shida. Noti ni zilezile. Kwa solfa ya kwaya ni ti do re mi fa so la ti. Tatizo liko kati ya ti na fa, yaani B na F. Modi (skeli za noti hizohizo zinazoanzia noti tofauti) nyingine sita zina noti ya tano iliyo nusu toni 7 juu ya ile ya kwanza, na hiyo ndiyo huishikilia isiyumbe. Lokriani ina 6 tu. Bonyeza B na F pamoja, usiachie, sikiliza zinavyovutana. Sasa B ipande C, F ishuke E. Umesikia zilivyotulia? Ndiko sikio linakokimbilia, hasa sisi tuliolelewa na benga na nyimbo za kanisani. Hata Glarean, mwananadharia wa muziki wa Uswisi, alipopanga modi 12 katika kitabu chake cha 1547, hii ya B aliikataa kwa sababu ya hiyo noti ya tano.

Kwa hivyo kupanda na kushuka skeli nzima hakutakusaidia sana. Mimi huweka kinanda sauti ya ogani na kuchomeka karatasi iliyokunjwa ili B ya chini ibaki imebonyezwa. Juu yake nacheza vipande vifupi: B C B, kisha B D C B, halafu F naigusa na kurudi. C ipitie haraka, ukikaa juu yake umeshahamia C meja. Imba kila kipande kabla ya kukipiga. (Hapa Umoja kuta ni nyembamba, jirani ameshauliza kama kinanda kimeharibika.)

Kutunga wimbo mzima kwa Lokriani sioni haja. Faida yake iko kwenye nyimbo za A maina (Am): badala ya kordi Dm, E7, Am, weka kordi ya B D F A, kisha E7, Am. Tazama vizuri: hiyo ni Dm ileile, besi tu ndiyo imekaa B. Lokriani inaishi hapo kwa baa moja (kipimo kimoja cha mapigo), na inapendeza sana. C ikikukwaruza juu ya kordi hiyo, ipandishe iwe C shapu, wapiga jazi wengi hufanya hivyo. Ila jaribu polepole kwanza, maana Am inayokuja inataka C yake.