Mamba kapigwa mawe Idi Pili, je mshahara wangu ni halali?

Kaniandikia kijana mmoja anayelisha wanyama na kusafisha mabanda kwenye bustani moja ya wanyama huku kwetu Arusha. Anasema Idi Pili watu na kanzu zao safi walikuwa wanamrushia mamba mawe eti aamke, tumbili wakapewa biskuti na soda mpaka mmoja akameza na karatasi yake ya nailoni, alipowakataza bosi akamwambia waache hao wamelipa kiingilio. Ustadhi wa mtaani kwao naye akamwambia asijichoshe, mnyama hana hesabu, tumeumbiwa sisi. Sasa anauliza kama mshahara wake ni halali au aache kazi, na mama yake yuko Moshi anaisubiri hiyo hela ya dawa za presha.

Kijana wangu, tulia, mshahara wako ni halali. Wewe unalipwa kwa kulisha na kusafisha, na kumfuga kiumbe akipewa haki yake hakuna ubaya, yule mtoto Abu Umayr alikuwa na kindege chake na Mtume (s.a.w.) hakumkataza. Hilo limeisha.

Kilichonikosesha usingizi ni maneno ya huyo ustadhi. Najua anashika aya ya sura ya Baqara kwamba Allah ametuumbia vyote vilivyomo ardhini. Sawa, lakini ng'ombe si ndo tumeumbiwa kabisa, tunamla, na bado Mtume katuambia tunoe kisu tumpumzishe tunayemchinja! Yaani hata kwenye kumtoa roho kuna adabu, halafu wewe mamba usiyemla umpige jiwe ucheke? Na hilo la mnyama hana hesabu sijui kalitoa wapi, maana kwenye kitabu cha hadithi cha Sahihi Muslim imekuja kwamba haki zitarudishwa Siku ya Kiyama mpaka mbuzi asiye na pembe alipiziwe kwa mwenye pembe. Kama mbuzi kwa mbuzi wanalipana, wewe mwenye akili na kanzu ya Idi utaponea wapi?

Bosi naye na kiingilio chake, hii kesi ilishaamuliwa zamani. Ibn Umar, swahaba wa Mtume, aliwapita vijana wa Kikureshi wamefunga ndege wanamlenga mishale, na walikubaliana na mwenye ndege kwamba kila mshale ukikosa unakuwa wake. Umeona? Walikuwa wanalipa! Walipomuona wakatawanyika, na Ibn Umar akasema Mtume kamlaani anayekifanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha. Malipo hayakuwasaidia kitu. Na serikali yenyewe ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008, kwa hiyo bosi asidhani ni mambo ya masheikh peke yetu.

Kazi usiache. Ukitoka wewe unayeumia, atawekwa asiyejali, na mama atakosa dawa, sasa hapo nani kafaidika? Ila ukiambiwa umchokoe mnyama na fimbo ili wageni wafurahi, kataa kwa upole, hapo hakuna utii. Asubuhi kabla hawajafungua okota mawe yote karibu na uzio, maana mtoto akikosa jiwe hasira haipandi, anauliza tu. Mwambie mamba hajalala wala hajafa, anaota jua kwa sababu mwili wake hautengenezi joto kama wetu, na akiachama mdomo anajipoza, hamtishi mtu. Utashangaa wanavyokaa kimya kukusikiliza. Na huyo tumbili wa nailoni mwite daktari wa mifugo leo leo usingoje kesho, nailoni inaziba utumbo, ukiona hataki kula na tumbo limejaa ujue kuna shida.

Aibu kubwa ni yetu sisi wazazi na walimu wa madrasa, mimi nikiwemo. Tunawafundisha watoto takbira za Idi halafu tunawapa hela ya kiingilio bila neno hata moja. Darasa la watoto Ijumaa hii nitalisoma hilo la Ibn Umar, na ukipata ruhusa njoo baada ya Alasiri uwaeleze mwenyewe habari za mamba, nauli ya daladala nitakurudishia.

Wallahu a'lam.