Maandishi mekundu ya "FAILED" Linux inapowaka

Ndugu, umesema Linux yako inawaka, ila "FAILED" nyekundu inapita kabla hujaisoma. Usikimbilie kusakinisha upya, tafadhali. Ujumbe ule haupotei, systemd, programu inayoanzisha huduma za Linux, huuhifadhi. Fungua terminali, andika `systemctl --failed` uone huduma (programu zinazofanya kazi chinichini) zilizokwama. Chukua jina la mojawapo, kisha andika `journalctl -b -u` ikifuatiwa na jina hilo, usome kumbukumbu za huduma hiyo tangu mashine ilipowaka. Anza na kosa la kwanza, si la mwisho, maana huduma ikianguka huangusha na zinazoitegemea.

Na kama mashine husubiri sekunde 90 kila ikiwaka, mimi ningeanzia `/etc/fstab`, faili lenye orodha ya diski za kuunganishwa mashine inapowaka: mara nyingi diski uliyokwisha kuiondoa bado imeandikwa humo. Nakili faili hilo kabla hujaligusa. Ukikwama, lete maneno ya kosa lenyewe, kamili.