Unaanza jiko Tanga? Seti ya visu kumi na tano iache dukani

Mkuu, kwa faida ya watakaosoma baadaye nirudie ulichouliza: unahamia Tanga mjini kutoka Dodoma, unaanza jiko upya, umeona seti ya visu kumi na tano vimechomekwa kwenye kibao chake, na unataka kujua kama uichukue na ni vifaa gani vingine vya lazima. Wachangiaji wa juu wamekwambia "chukua, bei poa". Mimi nakwambia iache.

Fungua hiyo seti uhesabu vizuri. Sita ni vile vya mezani vyenye meno, vyote sawa. Kuna mkasi, kuna fimbo ya kunolea, na vinavyobaki vingi ni bati jembamba lililong'arishwa. Utakavyovishika kila siku ni viwili, na hivyo viwili ndivyo vilivyotengenezwa kwa chuma dhaifu ili bei ya vyote kumi na tano ishuke. Halafu kile kibao chenyewe kwa hewa ya Tanga ni tatizo. Kisu kikiingizwa na unyevu kidogo, mle ndani hapakauki, ukungu unaota na kutu linaanza mahali usipopaona. Dodoma ungevumilia, pwani hapana. Weka visu kwenye ubao wa sumaku ukutani, mbali na mvuke wa jiko, au kila kimoja na ala yake kwenye droo.

Pesa hiyo hiyo nunua visu vitatu. Kimoja kikubwa cha jikoni, bapa la sentimita 18 hadi 20, cha vitunguu, kabichi, tikiti na nyama isiyo na mfupa. Kimoja kidogo cha kumenyea, sentimita 8 hadi 10. Cha tatu ni chembamba kinachonyumbulika, sentimita 15 hadi 18, cha samaki. Ila hiki cha tatu kinunue tu kama utapasua samaki mwenyewe. Kama wewe ni wa kuparishiwa changu hukohuko sokoni Deep Sea na kuja nyumbani na vipande, kiruke. Mifupa, madafu na kuvunja nazi ni kazi ya panga, na nazi inavunjwa kwa mgongo wa panga: unaigonga kwenye mstari wa kati huku unaizungusha mkononi, haikatwi kwa makali. Visu vingi vizuri vinavunjika kipande kwenye makali kwa sababu mtu kakifanya panga kwa dakika moja tu.

Kwenye chuma ndiko watu wanakopigwa. Steinlesi inachelewesha kutu, haiizuii. Chuma kinaitwa hivyo kikiwa na kromiamu kuanzia kama asilimia 10.5, na hiyo kromiamu ndiyo inayojenga utando mwembamba juu yake. Chumvi inautoboa utando huo. Kisu kilichopasua nguru kikilala kwenye beseni hadi asubuhi, utakuta vitundu vidogo vidogo vyenye doa la kahawia, na hapo si kwamba umeuziwa feki. Kioshe kwa maji baridi mara tu ukimaliza, kifute hadi kikauke, basi.

Sumaku nayo inachanganya wengi. Utasikia "sumaku ikinasa ni feki". Kwa vijiko na masufuria ya steinlesi yenye nikeli nyingi, yale yanayoandikwa 18/10 (kromiamu 18, nikeli 10), kweli sumaku hainasi, au inanasa kidogo sana. Kwa kisu ni kinyume: chuma cha kisu kinachoweza kukomazwa kwa moto lazima kinase sumaku. Kisu kisichonasa kabisa hakishiki makali, labda kiwe cha udongo wa kauri, ambacho nacho kikianguka sakafuni kinakatika. Na kwa vijiko pia sumaku peke yake haitoshi, kwa sababu kuna steinlesi ya bei nafuu iliyopunguzwa nikeli na kuongezwa manganizi ambayo nayo hainasi, ila kwa pwani inashika kutu mapema. Pima na uzito, angalia kingo kama zimesuguliwa vizuri, na usiamini mhuri peke yake.

Visu vya wahunzi wetu navipenda, kwa sharti moja: uulize kimefuliwa kutoka chuma gani. Kilichotoka kwenye springi ya gari kina kaboni kama asilimia 0.5 hadi 0.6, kinakomaa kikichovywa na kinashika makali safi. Kilichotoka kwenye nondo kina kaboni ndogo mno, utakinoa leo na kesho kimelala. Nenda na tupa ndogo. Iburute taratibu kwenye makali: ikiteleza na kulia, chuma kimekomaa. Ikila na kutoa vumbi la chuma kirahisi, ni laini. Kisu cha kaboni hakina kromiamu ya kukisaidia, kwa hiyo ndimu na embe bichi vitakibadilisha rangi kuwa kijivu cheusi. Rangi hiyo haina neno, tena inakilinda kidogo. Kutu jekundu ndilo la kuliondoa. Kikishakauka kipake mafuta ya nazi kidogo sana.

Mpini ukague kwa kucha. Pitisha kucha pale chuma kinapoingia kwenye mti au plastiki. Kucha ikizama, maji nayo yatazama, na msuka (ile sehemu ya chuma iliyofichwa ndani ya mpini) utaoza kabla hujajua. Bora msuka uonekane umefika hadi mwisho wa mpini na ribiti tatu zilizolala sawa na mti. Mipini ya plastiki yenye msuka mfupi inakatikia hapo hapo kwenye shingo, mara nyingi ukiwa umekandamiza boga.

Sasa kunoa, maana bila hili yote ya juu ni kazi bure. Nunua kinoo cha pande mbili, namba 400 na 1000. Namba ikipanda chembe zinakuwa ndogo. Upande wa 400 ni wa kisu kilichomeguka au kilichotelekezwa, kwa kisu cha kawaida anzia 1000. Kiloweke majini mpaka mapovu yaache kutoka, kiweke juu ya kitambaa kibichi kisiteleze. Pembe unayotaka ni kama nyuzi 20, na huna haja ya kifaa cha kupimia: kisu chenye bapa la upana wa sentimita 4, inua mgongo wake sentimita 1.4 kutoka kwenye jiwe. Upana wa sentimita 3, inua 1. Kata kipande cha mti cha kimo hicho, kiwekee mgongo mara chache za mwanzo mpaka mkono uzoee. Sukuma kisu kutoka shinani kwenda nchani, bila kukandamiza sana, upande mmoja tu kwanza.

Kituo chako ni hiki: pitisha kidole gumba kutoka mgongoni kuelekea nje ya makali (usikipitishe kwa urefu wa makali hata siku moja) na ukiguse ule upande ambao hukuunoa. Ukikuta kama uzi wa chuma unakwaruza kidole, kuanzia shinani hadi nchani, upande wa kwanza umekamilika. Kama unakwaruza katikati tu, shina na ncha bado. Hapa ndipo wengi wanakosea, wanahesabu mara kumi huku kumi kule na kugeuza, na kisu kinabaki kama kilivyokuwa. Uzi ukipatikana, geuza, fanya upande wa pili mpaka uzi uhamie, kisha maliza kwa kupokezana huku na kule kwa mkono mwepesi mpaka usiusikie tena. Jaribu kwa nyanya iliyoiva. Kisu kikiingia kwenye ganda bila kuibonyeza, tosha. Kinoo kikiingia bonde katikati kisugue kwenye sakafu laini ya saruji na maji na mchanga mpaka kinyooke, la sivyo pembe haitashika tena.

Ile fimbo ya chuma wanayotumia mabucha hainoi, inanyoosha makali yaliyolala. Nzuri kwa kila siku, lakini haichukui nafasi ya kinoo. Vile vidude vya kupitisha kisu kwenye ufa vinakwangua chuma vipande vipande, vitumie kwa kisu usichokihurumia. Na fundi wa jiwe la kuzungusha msimamie. Cheche si tatizo, tatizo ni joto. Ukiona makali yamegeuka rangi ya bluu, pale pamefika karibu nyuzi 300 za joto na ukomavu umeondoka. Mwambie achovye kisu kwenye maji kila baada ya kupitisha, akikataa chukua kisu chako uondoke.

Kibao cha kukatia: mti au plastiki. Kioo, marumaru na bapa la sahani vinamaliza makali. Kwa mti, mafundi seremala wa huku wanapata mitiki (shamba la Longuza pale Muheza ni la mitiki), inavumilia maji vizuri ingawa inalegeza makali kwa haraka kidogo kuliko miti mingine, kwa sababu ina chembe za silika ndani yake. Unene sentimita 3, chini ya hapo kinapinda. Kuwa na viwili, cha samaki na nyama mbichi na cha vinavyoliwa bila kupikwa. Usikiloweke, kisimamishe kwa ubavu kikauke pande zote. Cha plastiki kikijaa mifereji ya visu kitupe.

Mbuzi ya nazi inunue hata kama una blenda. Kabla ya kulipa kaa juu yake, sukuma ule ulimi wa chuma kwa kidole gumba kulia na kushoto. Ukicheza dukani, nyumbani utang'oka. Meno yawe na ukali unaoshika kitambaa, si yale yaliyopigwa ubapa kama mapambo tu. Ukikuna, geuza kifuu kila mara na uishie kwenye weupe. Ukifika lile ganda la kahawia, tui linapata rangi na ladha nzito. Blenda inafaa ukiwa na haraka: nazi moja iliyokatwa vipande vidogo, vikombe viwili vya maji ya uvuguvugu, dakika moja, chuja. Maji ya moto usiweke, jagi la plastiki linapasuka na mvuke unarusha kifuniko. Kwa wali wa wageni, tui la mbuzi na kifumbu ni jingine kabisa.

Miko na pawa za mti zinunue Ngamiani au Mgandini, uchague zilizochongwa kufuata nyuzi za mti. Nyuzi zikikatiza shingo, mwiko unakatika ndani ya ugali. Masufuria ya alumini chukua mazito, yaweke juu ya kioo cha kaunta uone kama yanacheza. Chakula cha ukwaju, ndimu au nyanya nyingi kisilale humo. Yale yanayoyeyushwa kutoka vyuma chakavu bila kujulikana kilichoingia yaepuke, yanaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Kikaango kisichonata hakifai jiko la mkaa: kikizidi nyuzi 260 ule utando unaanza kuharibika, na mkaa uliokolea unafika huko upesi kikiwa kitupu. Chapati kapikie kwenye chuma.

Presha kuka kama unapika maharage na makongoro, ndiyo. Usipitishe theluthi mbili ya ujazo, na kwa maharage ishia nusu, kwa sababu povu na maganda huziba tundu la kutolea mvuke. Kabla hujainunua uliza kama mpira wake wa kifuniko unapatikana peke yake. Usipopatikana, siku mpira ukikakamaa umebaki na sufuria.

Vya umeme, blenda na birika vinatosha kuanzia. Usihofie LUKU sana kwa birika: wati 2000 kwa dakika 5 ni kama uniti 0.17. Blenda ichague kwa kile kigia kidogo kinachounganisha jagi na mota, maana ndicho kinachokufa kwanza. Kiwe cha aina inayouzwa spea. Birika likijenga ukoko mweupe kwa maji ya kisima, chemsha humo maji na ndimu mbili, acha nusu saa, mwaga.

La mwisho ni kwa wanaopenda mtumba wa Japani, ambao kweli ni imara. Umeme wao ni volti 100, wetu ni 230. Kifaa cha kuchemsha cha volti 100 ukikichomeka kwetu kinavuta nguvu zaidi ya mara tano ya ilivyokusudiwa, kitaungua hapo hapo, na muuzaji atakwambia ulikiharibu wewe. Transfoma ya kubeba jiko la wali la wati 700 ni nzito na inagharimu kuliko jiko lenyewe. Kigeuze, soma kibati cha chini. Kikiandikwa 220–240V au 100–240V, lipa. Kikiandikwa 100V peke yake, mrudishie.