Maswali ya Wasomaji: Hewa ukaa yaweza kuwa gesi ya kupikia?

SWALI: Biogesi ya ng'ombe wetu ina hewa ukaa nyingi isiyowaka. Je, yaweza kugeuzwa methani, ile gesi inayowaka?

JIBU: Ndiyo, ila utahitaji hidrojeni. Kilo 44 za hewa ukaa na kilo 8 za hidrojeni, zikipita juu ya kichocheo (kitu kinachoharakisha mmenyuko wa kikemikali bila chenyewe kuisha) cha nikeli kwenye nyuzi joto 300 hadi 400 za Selsiasi, hutoa kilo 16 za methani na kilo 36 za maji. Mtambo wa Werlte, Ujerumani, uliozinduliwa mwaka 2013, hutumia hewa ukaa ya mtambo wa biogesi.

Adui mkubwa ni gesi ya salfa iliyomo kwenye biogesi, ile yenye harufu ya mayai viza. Hata kidogo tu huganda kwenye nikeli na kuiua, kwa hiyo gesi husafishwa kwanza kwa chuma chenye kutu, kisha kaboni amilifu, yaani mkaa maalumu unaonasa uchafu. Halafu joto: mmenyuko wenyewe huzalisha joto jingi. Usipopoozwa, chembe za nikeli huungana zikadhoofika, na methani inayopatikana hupungua.

Na umeme? Kutenganisha hidrojeni hiyo kilo 8 kutoka kwenye maji hula uniti 400 hivi. Methani itakayopatikana ina nishati ya uniti 220 tu. Kwa jiko la nyumbani hatushauri kabisa. Hidrojeni hulipuka kwa cheche ndogo mno, na biogesi yako inapika vizuri ilivyo.